Skevola: Kichaka cha ufuoni kinachonawiri kwa kuzikwa mchangani

KILA upepo wa kusi unapoanza kuvuma, kati ya Aprili na Mei, wenye nyumba na hoteli zilizo kando ya bahari katika Pwani ya Kenya huirudia hesabu ileile ya hasara. Nyasi zimegeuka rangi ya kahawia, maua yameungua ncha za majani, na ukingo wa kiwanja umerudi nyuma hatua kadhaa tangu mwaka uliotangulia. Wengi huongeza mbolea, kisha huongeza maji ya kisima, na vyote viwili vikishindwa humwita mwashi ajenge ukuta.

Ilhali mmea ambao ungewapunguzia gharama hiyo aghalabu ulikuwa umeota papo hapo kabla ya kiwanja kununuliwa. Ni kichaka kifupi chenye majani manene ya kijani kinachong'aa, na ndicho hufyekwa kwanza ili bahari ionekane vizuri kutoka barazani.

Wataalamu wa mimea hukiita Scaevola plumieri, na katika makala haya kitaitwa skevola. Ni mmea wa asili wa fuo hizi. Huota kwenye vilima vya mchanga kuanzia Somalia na Kenya, ukapitia Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini, na pia hupatikana Sri Lanka na kusini mwa India. Upande wa pili wa bara, hupatikana katika pwani ya Afrika Magharibi, visiwa vya Karibiani na jimbo la Florida nchini Marekani.

Kimo chake kwa kawaida ni kati ya nusu mita na mita moja. Upana ni jambo jingine: kichaka kimoja kilichokomaa chaweza kufunika mita nyingi za mchanga, kwa kuwa mashina yake hutambaa chini kwa chini na kuchipuza mbali na pale yalipoanzia. Mtu aonaye vichaka kumi vilivyosimama kando kando huenda anautazama mmea mmoja.

Majani yana umbo la yai lililobanwa upande wa kikonyo, kingo zake hazina meno, na yakivunjwa huonyesha unyevu mwingi ndani. Maua ni meupe. Jambo la ajabu ni kwamba kila ua huonekana kana kwamba limeraruliwa likabaki nusu, kwa maana petali zake zote tano zimekaa upande mmoja, mfano wa upepeo uliokunjuliwa. Tunda ni la mviringo, lina majimaji, na likiiva huwa jeusi.

Nusu hiyo ya ua ndiyo hunasibishwa na jina la mmea. Katika visa vya Roma ya kale, kijana Gaius Mucius alipokamatwa na adui aliutia mkono wake wa kulia motoni kuonyesha kuwa haogopi mateso, na tangu siku hiyo akaitwa Scaevola, yaani mtu wa mkono wa kushoto. Jina la pili linamkumbuka Charles Plumier, mtawa na mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa aliyefariki mwaka wa 1704. Ni yeye pia anayekumbukwa katika jina la Plumeria, ule mti wa maua yenye harufu tamu unaopandwa karibu katika kila bustani ya hoteli kutoka Diani hadi Malindi. Bustani nyingi za Pwani, basi, tayari zina mmea mmoja wenye jina la Plumier, ule uliotoka Amerika. Uliokosekana ni ule wa nyumbani.

Chumvi ya aina tatu

Watunza bustani husema tu kwamba pwani kuna chumvi, kana kwamba chumvi ni kitu kimoja. Kwa kweli huufikia mmea kwa njia tatu, na asiyezitofautisha hupanda mahali pasipofaa.

Ya kwanza ni rasharasha. Mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba na ufuoni, matone madogo hupeperushwa na upepo na kutua juu ya majani. Maji hukauka, chumvi hubaki, kisha huingia ndani ya jani na kuliunguza kuanzia nchani. Ndiyo sababu bustani huonekana kama iliyopitiwa na moto upande wa baharini pekee, hali upande wa pili wa nyumba mimea ile ile imestawi.

Ya pili ni maji ya kisima. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya katika mawe ya matumbawe na kuchukua nafasi ya maji matamu. Mwenye bustani ya nyasi, ambaye hulazimika kumwagilia kila siku wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, huwa anaivuta bahari kuelekea kisimani mwake bila kujua.

Ya tatu ni udongo wenyewe kulowa chumvi, kama katika maeneo tambarare yaliyo nyuma ya mikoko ambayo hufurikwa wakati wa bamvua na kubaki na tabaka jeupe maji yanapokupwa.

Skevola hustahimili rasharasha kuliko karibu mimea yote ya mapambo. Ngozi ya jani lake ni nene na ina nta, hivyo chumvi haipenyi kwa urahisi, na maji mengi yaliyo ndani ya jani huipunguza makali ile inayofaulu kupenya. Hustahimili pia maji ya kisima ya chumvichumvi, ingawa ikishashika haihitaji kumwagiliwa. Udongo unaofurika na kutuama ndio usiouweza. Mizizi yake huhitaji mchanga unaopitisha maji haraka, na ikikaa katika tope huoza.

Mmea unaotaka kufunikwa

Hata hivyo, kuvumilia chumvi pekee hakungetosha kuufanya mmea huu uandikiwe makala. Iko mimea mingi inayovumilia chumvi. Kilicho adimu ni namna unavyoishi na mchanga unaohama.

Upepo unapopita juu ya ufuo mkavu huchukua chembe za mchanga na kuzisukuma mbele. Zikikutana na kichaka chenye matawi mengi ya chini, upepo hupoteza nguvu na chembe huanguka. Mimea mingi ya bustani ikifunikwa hivyo hufa. Skevola hufanya kinyume: shina lililofunikwa hutoa mizizi mipya, ncha huendelea kupanda juu, na mchanga unapoongezeka kichaka nacho huinuka. Baada ya miaka, panakuwa na kilima ambacho ndani yake mmefumwa mashina na mizizi, na juu yake pana kofia ya majani mabichi. Kimo cha majani juu ya mchanga hubaki kilekile, nusu mita au mita moja, lakini ardhi iliyo chini yake imepanda.

Kilima hicho ndicho akiba ya ufuo. Bamvua kubwa, ambazo huja hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, zikikutana na dhoruba humega mchanga kutoka kwenye kilima na kuutandaza mbele ya ufuo, ambapo mawimbi yanayofuata huvunjika mbali kidogo na nchi kavu. Bahari inapotulia, mchanga hurejea pole pole, upepo huusukuma juu, na kichaka huunasa tena. Aliyekifyeka kichaka amevunja mzunguko huo katika sehemu yake ya mwisho: mchanga ukirudi hauna wa kuupokea.

Katika Pwani ya Kenya, mchanga una tabia mbili zinazopingana, na skevola ina kazi katika zote mbili. Sehemu kadhaa za ufuo kati ya Nyali na Shanzu, na vilevile Diani, zimekuwa zikipoteza mchanga, na wenye viwanja huishi kwa hofu ya mmomonyoko. Huko Malindi mambo ni kinyume. Mto Sabaki, unaoanzia nyanda za juu kwa jina la Athi na kupita Tsavo ukiitwa Galana, huteremsha udongo mwingi kila msimu wa mvua na kuumwaga kaskazini mwa mji. Kwa miongo kadhaa ufuo wa ghuba ya Malindi umekuwa ukipanuka, hata majengo yaliyokuwa karibu na maji yakajikuta mbali nayo. Shida ya mtunza bustani wa huko ni mchanga unaopeperushwa hadi kwenye vibaraza. Wa Bamburi anataka kuuzuia mchanga usiondoke, wa Malindi anataka kuuzuia usiingie, na wote wawili wanahitaji kitu kifupi, kizito na chenye matawi ya chini, kikae kati ya nyumba na maji.

Lamu nayo hutoa sababu ya tatu. Vilima vya mchanga vya Shela hupokea maji ya mvua, huyachuja na kuyahifadhi chini yake, yakielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mji wa Lamu umeyategemea maji hayo kwa vizazi vingi. Mimea inayovishika vilima hivyo, basi, hulinda hata kisima.

Ndugu wawili wasichanganywe

Anayetafuta miche ni lazima ajue kwamba fuo za Afrika Mashariki zina skevola ya asili ya aina mbili. Ya pili huitwa Scaevola taccada. Ua lake ni lile lile la nusu, lakini tunda likiiva huwa jeupe. Majani yake ni makubwa zaidi, marefu kupita kiganja cha mtu mzima, na mmea wenyewe husimama kama kichaka kikubwa cha mita mbili au tatu, wakati mwingine zaidi.

Zote mbili ni za hapa nyumbani na hakuna dhambi kuzipanda zote, ila kazi zao hazilingani. Ya matunda meusi hutandaa na kufunika ardhi, hivyo hufaa ukingo wa mbele na huacha bahari ionekane. Ya matunda meupe hufaa kuwa ua wa kukinga upepo nyuma yake. Aliyeipanda mbele akidhani itabaki chini atajikuta akiipogoa kila mara, na baada ya miaka michache ataichoka na kuing'oa.

Yaliyotokea Florida ni funzo kwa wauzaji wa miche. Huko skevola ya matunda meusi ndiyo ya asili. Katika karne ya 20 watu walileta ile ya matunda meupe kutoka pwani za Bahari ya Hindi na Pasifiki, wakaipanda kupamba na kushikilia fuo. Matunda yake huelea baharini kwa miezi mingi bila mbegu kufa, na ndege nao huyasambaza. Ilitoroka bustanini, ikaifunika ile ya wenyeji, na leo imo katika orodha ya mimea vamizi ya jimbo hilo, ilhali dada yake mwenyeji amewekwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Mmea uleule ni raia mwema katika ufuo mmoja na mvamizi katika mwingine. Kwa hivyo, mtu wa Pwani anayetumiwa mbegu na jamaa aliye ng'ambo ni afadhali aziache huko huko.

Kupata miche

Si vitalu vingi vinavyouza skevola, kwa kuwa wateja huulizia maua ya rangi. Mara nyingi mwenye bustani atalazimika kuizalisha mwenyewe, na kazi hiyo si ngumu.

Njia ya haraka ni vipandikizi. Huchaguliwa matawi yaliyokomaa lakini ambayo bado hayajawa magumu kama kuni, yakakatwa vipande vya urefu wa sentimita 25 hadi 30. Majani ya chini huondolewa, yakabakizwa matatu au manne ya nchani. Kwa kuwa shina lina maji mengi, vipande huachwa kivulini kwa siku moja ili kidonda kikauke, la sivyo huoza kabla ya kutoa mizizi. Kisha hudidimizwa hadi nusu katika makopo yaliyotobolewa chini na kujazwa mchanga wa mto uliochanganywa na majani yaliyooza kidogo. Kivuli cha makuti kinatosha. Maji ni ya kulowesha tu, na mchanga usiachwe ukitota.

Wengine hutumia makumbi ya nazi badala ya majani yaliyooza. Ni wazo zuri, lakini ikumbukwe kwamba makumbi yanayotoka kwa wasokota kamba huwa yamelowekwa kwa miezi katika mashimo ya ufuoni na yamejaa chumvi. Skevola iliyokomaa haitajali. Kipandikizi kisicho na mizizi kitajali, kwa hivyo makumbi hayo yasuuzwe mara kadhaa kwa maji matamu.

Njia nyingine ni kumwachia mmea wenyewe kazi. Tawi linaloinama huzikwa katikati, ncha ikabaki nje, na likishatoa mizizi hukatwa kutoka kwa mama yake. Hivyo ndivyo mmea unavyojizalisha mwituni, na ni vigumu kukosea.

Mbegu huhitaji subira. Tunda likiiva humenywa nyama yake, kokwa ikalowekwa kwa siku chache huku maji yakibadilishwa, kisha ikapandwa katika mchanga. Huenda ikachukua miezi kabla ya kuchipuka, na makopo mengi hutupwa na watunza bustani waliokata tamaa mapema. Faida yake ni kwamba kila mche unaotokana na mbegu ni tofauti na wenzake, wakati vipandikizi vya kichaka kimoja ni mmea uleule, na ugonjwa ukiuingia mmoja huweza kuimaliza safu nzima.

Popote inapochukuliwa, mimea ya ufuoni ising'olewe. Matawi machache kutoka vichaka kadhaa hayaleti madhara, ila shimo lililoachwa na kichaka kilichong'olewa huwa mlango wa upepo, na kilima kizima chaweza kuanza kuhama kutokea hapo. Ndani ya mbuga za baharini, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968, hakuna cha kuchukuliwa bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kupanda

Wakati bora ni mvua zinapoanza. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi, huleta maji mengi zaidi, lakini huja pamoja na kusi, upepo mkali na bahari iliyochafuka. Kwa kiwanja kilicho wazi kabisa ni salama kungoja vuli, kati ya Oktoba na Novemba, upepo unapokuwa wa upole. Miche itakuwa na miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya kusi ya kwanza.

Mstari wa mbele upimwe kwa macho, kwa kutazama bamvua inapofikia. Mwani na takataka zilizoachwa na maji huonyesha mpaka huo waziwazi. Skevola hupandwa juu ya mpaka huo, mahali ambapo mawimbi ya kawaida hayafiki. Kuipanda chini yake kwa tamaa ya kuongeza kiwanja ni kuitoa sadaka. Isitoshe, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na hakuna mwenye hoteli wala nyumba anayeweza kuizungushia ua.

Mashimo huchimbwa hadi mchanga wenye unyevu upatikane. Mche huzikwa zaidi ya ulivyokuwa koponi, hata theluthi mbili za shina zikiwa chini, mradi majani ya nchani yabaki nje. Mtunza bustani aliyezoea miche ya mipapai huona jambo hilo kuwa kosa, lakini kwa skevola ndivyo inavyopasa. Nafasi kati ya mche na mche iwe mita moja, na safu zipishane ili upepo usipate njia ya moja kwa moja. Kiwanja chenye ukingo wa mita 20 kitahitaji miche kama 60 kwa safu tatu.

Mbolea ya samadi haihitajiki. Mchanga wa ufuoni ni maskini na mmea huu umezoea umaskini huo. Ukirutubishwa sana hutoa machipukizi laini ambayo ndiyo huunguzwa na chumvi kwanza. Maji humwagwa siku ya kupanda, kisha kila baada ya siku mbili au tatu kwa majuma machache ikiwa hakuna mvua. Msimu mmoja ukipita, mpira wa maji waweza kuhamishwa.

Mahali penye upepo mkali, makuti au vijiti husimikwa upande wa baharini kama uzio mfupi. Uzio huo uwe na matundu. Ukizibwa kabisa, upepo huuruka na kuchimba mchanga upande wa pili. Ukiwa nusu wazi, hupunguza kasi na mchanga hutua penye miche. Makuti yataoza baada ya mwaka mmoja au miwili, na kufikia hapo kichaka kitakuwa kimeipokea kazi.

Maadui wake

Mwaka wa kwanza skevola hukua pole pole, na ndio wakati wengi hukata tamaa. Wadudu si tishio kubwa. Adui ni nyayo, mbuzi, fyekeo na reki.

Reki inahitaji maelezo. Wakati wa kusi, bahari hutupa mwani na majani ya bahari kwa wingi, na hoteli nyingi huwaajiri vijana kuyakusanya kila asubuhi kwa kuwa wageni hawapendi harufu. Mrundo huo ndio mbolea pekee ambayo mimea ya ufuoni huipata, na pia hunasa mchanga. Panapobidi kusafisha mbele ya ngazi na viti, mwani huo usipelekwe jaani. Utandazwe chini ya skevola, ambako hakuna mgeni atakayeunusa.

Kupogoa kufanyike kusi ikishapita, kabla ya vuli, na isizidi theluthi moja ya kichaka. Kukichonga kiwe duara kama mpira, mtindo unaopendwa na bustani za mjini, hufungua sehemu ya ndani kwa chumvi na kuacha mashina makavu yasiyo na majani.

Majirani wanaofaa

Skevola haipaswi kuachwa peke yake. Mbele yake hufaa mlakasa, ule mtambaa wenye majani yaliyogawanyika kama ukwato wa mbuzi na maua ya zambarau, ambao hukimbia juu ya mchanga mtupu na kuutuliza kwanza. Nyasi za ufuoni zinazotambaa zisipaliliwe. Nyuma, baada ya safu za skevola, ndipo mnazi na miti mingine huweza kusimama bila kupigwa na chumvi moja kwa moja.

Mvinje ni suala la mjadala. Ulipatia jina zuri huko Bamburi, ambako René Haller alianza mwaka wa 1971 kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu katika ardhi ile ya mawe na chumvi, tatu tu ndizo zilizonusurika, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa msitu unaojulikana leo kama Haller Park. Ila chimbo si ufuo. Ufuoni, majani ya mvinje yaliyo kama sindano hufunika ardhi na kuizuia mimea midogo isiote, na bahari ikila mchanga chini yake mti huo mrefu huanguka, ukabomoa kilima pamoja nao. Mvinje uliokwisha kukomaa nyuma ya kiwanja hauna haja ya kukatwa. Mpya usipandwe mbele.

Kiwanja kisicho na mchanga, kilichoketi juu ya mwamba wa matumbawe, au kile kinachofurika nyuma ya mikoko, hakifai kwa skevola hata mwenyewe akitia bidii namna gani.

Ukuta na kasa

Swali la mwisho la wenye viwanja huwa ni lile la ukuta: je, mmea waweza kuchukua nafasi yake? Jibu hutegemea umechelewa kiasi gani. Nyumba ambayo msingi wake tayari unapigwa na mawimbi haitaokolewa na kichaka, na hakuna mmea wa bustani ungeisimamisha bahari kama ilivyokuja katika tsunami ya 26 Desemba 2004. Lakini pale ambapo bado pana mita kadhaa za mchanga mkavu mbele ya nyumba, ukuta mara nyingi huharakisha kile unachokusudiwa kukizuia. Wimbi linapougonga hurudi kwa nguvu na kuchimba mchanga ulio chini yake, na penye mwisho wa ukuta maji huzunguka na kula kiwanja cha jirani, ambaye naye hujenga wake. Kabla ya kufikia hapo, mwenye kiwanja apate kwanza ushauri wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Ukuta pia humfungia njia kasa. Majike hupanda ufuoni usiku kutafuta mchanga mkavu ulio juu ya maji kujaa, na mara nyingi hutaga karibu na mstari wa mimea, ng'amba akipenda hata chini ya vichaka. Akikutana na ukuta hurudi baharini bila kutaga, au hutaga chini mno na mayai yakafurikwa. Safu ya skevola humwachia nafasi, na zaidi ya hayo huuzuia mwanga wa taa za bustani ambao huwapotosha watoto wa kasa wanapoanguliwa, wakaenda barabarani badala ya baharini.

Njia ya kwenda kuogelea haina budi kuwepo, kwani watu wasipopewa njia watajitengenezea kumi. Iwe moja, nyembamba, na ipindwe ili isielekee upepo wa kusi. Njia pana iliyonyooka hugeuka mfereji wa upepo, na mchanga wote ulionaswa kwa miaka hupitia hapo hadi mlangoni. Mahali wanapopita watu wengi, mbao zilizoinuliwa kidogo juu ya mchanga huwezesha skevola kupita chini yake na kuungana tena upande wa pili.